Siku ya kilele cha Meru: piga hesabu ya kurudi

Wengi wanaojiandaa kupanda Mlima Meru huuliza kuhusu kilele tu, zile mita 4,562. Wangeuliza pia kuhusu kushuka. Usiku wa kwenda kileleni unapanda karibu mita 1,000 kutoka Saddle Hut, kibanda cha mwisho cha kulala, kisha mchana unashuka zaidi ya mita 2,000 hadi vibanda vya Miriakamba. Wenye ratiba ya siku tatu huunganisha siku hiyohiyo hadi lango la hifadhi la Momella, na hapo mteremko unafika kama mita 3,000 kwa siku moja. Ukiweza, lipia siku ya nne. Magoti hayana vipuri.

Safari huanza saa saba au saa nane usiku. Toka kibandani ukihisi baridi kidogo. Anayeanza na koti zito huloa jasho kabla hajafika Rhino Point, kituo cha njiani, na jasho hilo ndilo linalomtesa upepo ukimpiga kwenye ukingo wa kreta. Koti likae juu kabisa ndani ya begi.

Maji lita tatu, kwa sababu huko juu hakuna pa kuongeza. Chupa zifunike kwa soksi na uzigeuze kichwa chini: barafu huanzia juu, hivyo mdomo unabaki wazi. Ukitumia mfuko wa maji, mrija wake wa kunyonyea ndio unaoganda kwanza, kwa hiyo kila ukinywa, puliza maji yarudi mfukoni. Betri za akiba za tochi ya kichwa weka mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi huzifanya zionekane zimekwisha kumbe bado.

Baada ya Rhino Point njia inashuka kidogo, halafu unakutana na ukuta wa mwamba wenye mnyororo. Hapa kunja fimbo za kutembelea, zifunge begini, maana mikono yote miwili inahitajika. Kipande kimoja cha mnyororo, mtu mmoja. Wakiushika wawili, wa mbele akiteleza anamvuta wa nyuma. Uzito uwe miguuni, mnyororo ni wa kukusaidia mizani tu. Kosa la kawaida ni kuukumbatia mwamba: kifua kikigusa jiwe, soli zinasukumwa nje na unateleza. Simama wima, tafuta pa kukanyaga, hamisha mguu mmoja kwa wakati.

Kuanzia hapo unafuata ukingo wa kreta, shimo likiwa kushoto kwako. Kuna majivu ya volkano yanayokurudisha nusu ya kila hatua, na kuna mwamba uliomwagikiwa changarawe nyembamba, sawa na kukanyaga choroko juu ya sakafu ya saruji. Kwenye majivu kanyaga nyayo za aliyetangulia. Kwenye mwamba weka soli nzima chini, si ncha ya kiatu. Cobra Point, kwenye mita 4,350 hivi, ni mahali pa kujipima kwa uaminifu. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kutapika mfululizo, kuyumba kama mlevi au kushindwa kujibu swali rahisi maana yake ni moja: geuka sasa hivi, usisubiri jua.

Jua likichomoza, Kilimanjaro iko upande wa mashariki na chini yako kuna kichuguu cha majivu katikati ya kreta. Piga picha, kula, ondoka ndani ya nusu saa. Barafu iliyoshika miamba usiku inaanza kuyeyuka, na mwamba wenye unyunyu ni mbaya kuliko mkavu. Ule mnyororo unakusubiri tena, safari hii ukiwa na miguu iliyochoka.

Ukifika Saddle Hut, vua viatu, kung'uta majivu, badilisha soksi. Funga kamba upya, ukizikaza kwenye kifundo cha mguu ili vidole visigonge mbele. Mbele kuna ngazi za mbao hadi Miriakamba, na huko ndiko kucha ambazo hazikukatwa nyumbani huanza kuwa nyeusi.