Hapana mtu katika jamaa zako

Neno la juma hili: Luka 1:57–80

Wapendwa katika Bwana,

Nina jina la babu mzaa baba, na binamu zangu wawili wanalo vilevile. Siku tulipomzika, aliyeongoza shughuli alilitaja jina hilo kwenye kipaza sauti ili mjukuu mmoja aje asome wasifu wa marehemu. Tukasimama watatu. Watu wakaangua kicheko, hata bibi, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameinua uso. Kisha kicheko kikakatika ghafla, maana mwenye jina wa nne alikuwa amelala mbele yetu.

Mtu mnayefanana naye jina ni wajina wako, au somo yako. Babu alikuwa somo yangu, nami kwa miaka mingi nilifundishwa kwa jina lake. Nikivunja kikombe: "Mwenye jina lako hakuwa mzembe." Nikishindwa mtihani: "Unamwaibisha babu yako." Walionisema hivyo walinipenda, wala sina kinyongo nao. Lakini jina nililopewa kwa upendo lilikuwa limegeuzwa fimbo, na mchapwaji ni mimi.

Ndiyo maana kila nisomapo Luka 1 nasimama kwenye aya ya 59. Siku ya nane wamekuja kumtahiri mtoto, na majirani na jamaa wameshamchagulia jina: Zakaria, kama babaye. Hawana nia mbaya. Mzee alikata tamaa ya mtoto, sasa amepata mmoja, wa kiume. Jina lake liende kwa nani kama si kwa huyu? Elisabeti anasema, "La, sivyo, bali, ataitwa Yohana." Nao wanamjibu kwa hoja ya ukoo: "Hapana mtu katika jamaa zako aitwaye jina hilo." Kisha wanampita mama wanaenda kwa baba. (Akina mama mnaosoma hapa, najua mmeliona hilo kabla yangu.)

Zakaria anaomba kibao. Hajasema neno tangu alipotoka hekaluni, alikofanywa bubu kwa kutomwamini malaika aliyemletea habari ya mtoto, muda wa mimba nzima. Mtu aliyenyimwa ulimi kwa miezi yote hiyo angekuwa na mengi ya kuandika, na hapo jamaa walikuwa wanampa nafasi ya kujiandika mwenyewe. Akaandika, "Jina lake ni Yohana." Hakuandika "ataitwa". Jina lilikwisha kutoka kwa malaika, katika aya ya 13, kabla mimba haijatungwa. Baba alikuwa analinakili tu. Papo hapo kinywa chake kikafunguliwa.

Wala si jina tu alilomwachilia. Zakaria alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya, moja ya makundi ya makuhani waliopokezana kuhudumu hekaluni, na kwa Israeli ukuhani ulitoka kwa baba kwenda kwa mwana. Yohana alikuwa na haki ya kufukiza uvumba pale pale baba yake alipofukiza. Tunamkuta nyikani, amevaa singa za ngamia, anabatiza watu Yordani.

Sasa msije mkadhani nasema kurithisha majina ni kosa. Tera, baba wa Ibrahimu, alikuwa mwana wa Nahori, naye akamwita mmoja wa wanawe Nahori (Mwanzo 11). Yakobo alipowabariki Efraimu na Manase alisema, "jina langu na litajwe juu yao, na jina la baba zangu, Ibrahimu na Isaka." Majina ya wazee ni baraka kwa mtoto, mradi yatajwe juu yake na si dhidi yake.

Kuna jina jingine ambalo siwezi kulipita. Absalomu, mwana wa mfalme Daudi, alikuwa na dada, Tamari, aliyetendwa jeuri na Amnoni, ndugu yao kwa baba, kisha akakaa "hali ya ukiwa" nyumbani mwa Absalomu. Sura moja mbele, 2 Samweli 14:27, tunaambiwa Absalomu alizaa wana watatu na binti mmoja. Wale wana watatu hawatajwi majina. Binti anatajwa: Tamari. Maandiko hayasemi kwa nini alimwita hivyo, wala hayasemi nani alizaliwa lini. Mimi nasoma nikiwaza nyumba ile, jina lile likiitwa na mwanamke aliyeumizwa akilisikia, na safari hii anayeitika ni mtoto. Absalomu alikuwa na mabaya mengi. Katika uhai wake alijisimamishia nguzo akaiita kwa jina lake, akilalamika kwamba hana mwana wa kulikumbusha jina lake; Maandiko hayaelezi wale watatu walikuwa wapi. Kati ya nguzo ile na binti yule, najua ni lipi nampendea.

Turudi kwa Zakaria, maana jina lake halikupotea. Kwa Kiebrania Zakaria ni "Bwana amekumbuka". Elisabeti hufasiriwa "Mungu wangu ni kiapo". Yohana ni "Bwana ni mwenye neema". Fungueni wimbo wa Zakaria, aya ya 72 na 73: Mungu amekuja kuwatendea rehema baba zetu, na kulikumbuka agano lake takatifu, uapo aliomwapia Ibrahimu. Wengi wameliona hili kabla yangu, lakini kila mara hunishika: mtoto, baba na mama, wote watatu wamo ndani ya sentensi moja ya sifa, na hakuna hata mmoja aliyetajwa.

Kisha mzee anamgeukia mtoto wa siku nane. Ulimi umerudi, jamaa wamejaa nyumbani na bado wanashangaa. "Nawe, mtoto," anasema, na yanayofuata yote ni habari za njia ambayo yeye mwenyewe hataipita.