Nilivyopata cheti cha kupokea simu za dharura za wagonjwa

Kila niliyemwambia kwamba nasomea kupokea simu za dharura za wagonjwa hapa Minnesota alinihimiza nikariri magonjwa, na binamu yangu, ambaye ni muuguzi, alifika hadi kunibebea vitabu vya anatomia ambavyo havikufunguliwa hata kimoja. Ushauri huo uliniudhi, kwa sababu kazi yenyewe hairuhusu mtu kukisia ugonjwa: unasoma maswali yaliyoandikwa, neno kwa neno na kwa mpangilio wake, na majibu ndiyo yanayoamua daraja la mgonjwa, kuanzia Alpha, la hali nyepesi, hadi Echo, la hatari kubwa kabisa, ambapo gari hutumwa hata kabla maswali hayajakwisha. Muuguzi mzoefu tuliyekuwa naye darasani alihangaika kuliko sisi sote, maana alizoea kumwona mgonjwa, na kila mara aliruka swali alilodhani analijua jibu lake.

Masharti ya cheti hayatishi. Kozi ni ya saa 24, kwa kawaida siku tatu, kisha mtihani wa maswali 50 unaotaka angalau asilimia 80, na lazima uwe na cheti hai cha kufufua moyo na mapafu. Ada ilikuwa dola mia kadhaa, nayo ililipwa na mwajiri. Ulizeni hilo kabla ya kutoa chochote mfukoni.

Kilichonivusha ni shemeji yangu, mzaliwa wa Tanga, ambaye kwa kelele hana mpinzani. Nilimpa simu, nikamfungia chumba cha pili, nikamwagiza awe mtu ambaye baba yake ameanguka. Akaanza: “Baba anakufa, nyinyi mnaniuliza anwani!” Kanuni tuliyofundishwa ni kurudia sentensi ileile, kwa sauti ileile, pamoja na sababu yake, bila kubadili hata neno moja. Nikamwambia, “Bwana, nipe anwani ili gari lijue pa kuja.” Akatukana, nikamwambia, “Bwana, nipe anwani ili gari lijue pa kuja.” Alichoka kabla yangu, akaitaja, nami nikamtaka airudie, kwa kuwa anwani na namba ya simu huhakikishwa kwanza ili simu ikikatika msaada ufike.

Kisha akaleta mtego ambao nilimfundisha mwenyewe: “Anapumua, anakoroma tu.” Mtu ambaye moyo wake umesimama huweza kutoa mikoromo iliyoachana sana ambayo ndugu huidhania pumzi. Nilimwambia aseme “sasa” kila mgonjwa anapovuta hewa, nikapima nafasi kati ya “sasa” moja na nyingine. Ilipokuwa ndefu mno, nikamwamuru akandamize kifua kwa kina kisichopungua sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku namhesabia kwa sauti. Aliupiga mto wa kochi kwa bidii hata mama mkwe akatoka jikoni kuuliza nani amefariki.

Mtihani niliufaulu, tena kwa alama za kujivunia, lakini cheti hudumu miaka miwili tu, na kukihuisha kunahitaji saa 24 za mafunzo endelevu na mtihani mwingine. Vikao vya kusikiliza na kupima simu zilizorekodiwa huhesabiwa humo, hivyo mimi hujiandikisha mapema badala ya kungoja mwezi wa mwisho. Saa za shemeji, kwa bahati mbaya, hazikubaliwi.