Nilivyopata shairi la kazi ya baba

Kwetu Nungwi, Unguja, babu alikuwa fundi wa majahazi, baba fundi, baba wadogo wawili mafundi, mie ndo wa kwanza kushika kalamu. Shairi la kazi yao nimelijaribu miaka yaani halisimami, nikilisoma naona bahari, upepo, mawimbi, maneno mazuri matupu, kama kaandika mtalii alopita akapiga picha akaenda zake.

Mwaka jana nkachukua likizo wiki mbili, nkashuka pwani, nkamwambia baba shikamoo, nataka kazi. Akanitazama mikono weee, halafu akanipa kalfati.

Kwa asojua, kalfati ni kuziba mianya baina ya ubao na ubao. Unachukua pamba unaisokota iwe kama kamba nyembamba, unaitia mafuta, halafu unaishindilia kidogo kidogo kwa patasi butu na nyundo ya mti, na usiruke hata pahala pa kidole kimoja maana wewe hukupaona lakini maji yatapaona. Siku ya pili viganja vishachubuka. Siku ya nne ndo nikaanza kusikia, kwa sababu baba hatazami bwana, anasikiliza, pamba ikiwa haijakaa nyundo inalia wazi kama debe, ikishashiba sauti inakuwa fupi, kavu. Yeye yuko upande wa pili anachonga taruma, mbavu za chombo, kwa tezo, bila ramani wala karatasi, kwetu chombo kinaundwa kwa jicho, na huko huko aliko anakwambia, "Rudi nyuma mwanangu, hapo bado."

Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, hapo jirani yetu tu, alikuwa mvuvi na baharia na bado ni mshairi mkubwa, nilikuwa nalijua hilo zamani ila sikuwahi kujiuliza mikono yake ilikuwa inamfundisha nini.

Usiku wa mwisho nkaandika, safari hii bila bahari wala mawimbi, nyundo na pamba tu. Asubuhi nkamsomea baba anakunywa kahawa barazani. Nikafika hapa: "Nyundo yake nimeshika, mpini una jasho." Akanyanyua mkono.

"Rudi. Hapo panavuja."

Baba hajawahi kuhesabu mizani maishani mwake! Nikahesabu silabi kwa vidole, kipande cha kwanza 8, cha pili 7. Kweli panavuja. Nkakaa pale pale barazani mpaka nikapata "mpini wanuka jasho", 8 kwa 8, nikasoma tena, hakusema kitu, akamimina kahawa nyengine akanisogezea kikombe.

Sasa hivi ziko beti 6. Chombo chenyewe bado kupakwa sifa, yale mafuta ya samaki, kikiwa tayari kinashushwa, na baba kasema shairi nilisome pale pale mchangani kabla watu hawajashika kamba.