Puto likipanda tu na moyo wangu unapanda
Watu huniuliza we unatafuta nini huko juu wakati hewa yenyewe haionekani, leo acha niseme. Kazi yangu ni kemia ya anga la juu, hasa gesi ya ozoni, na raha yangu mpaka leo ni kurusha puto, chini yake linaning'inia boksi lenye pampu na kikombe cha maji ya iodidi ya potasiamu, hewa ikipita humo ozoni inazalisha umeme kiduchu na namba zinaanza kuingia kwenye kompyuta. Chini huku ozoni ni kidogo, ukikaribia kilomita 20 mstari wa grafu unapaa mnoo, yaani unaliona kabisa lile tabaka linalotukinga na jua!

Aliyenivuta huku ni Susan Solomon, mwanakemia wa Marekani, 1986 aliongoza timu kwenda Antaktika kwenye baridi kali kutafuta kwa nini ozoni inapotea, vipimo vyao vikaelekeza kwenye klorini itokanayo na gesi za friji na makopo ya kupulizia, inayoamshwa kwenye mawingu ya barafu huko juu. 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa mataifa wa kupunguza gesi hizo, ikasainiwa, na sasa tundu la ozoni juu ya Antaktika linapona polepole. Vijana mnaopenda kemia njooni jamani, kazi bado ipo tele.