Kumbukumbu ya mradi: lebo zinazokula memori

Programu yangu ya kutazama molekuli (Python na OpenGL, maktaba ya kuchora kwa kadi ya michoro) haikuwa na shida na krambini, faili 1CRN kwenye hifadhi ya Protein Data Bank, protini ndogo ya asidi amino 46. Shida imekuja na hemoglobini, 4HHB. Nikiwasha lebo zote na kuvuta molekuli karibu, memori inapanda. Nikiirudisha mbali, haishuki.

Hemoglobini ina asidi amino 574. Kila lebo, mfano HIS 87 (histidini namba 87), ilichorwa kama picha ya pikseli 256 kwa 64, baiti 4 kwa pikseli, yaani kilobaiti 64. Zidisha mara 574: karibu megabaiti 36, na hapo ni kwa ukubwa mmoja tu wa fonti.

Kache, yaani akiba ya picha zilizokwisha kuchorwa, ipo, ila ufunguo wa kuitafutia picha ni maandishi pamoja na ukubwa wa fonti, na ukubwa huo ni desimali. 13.02 na 13.05 machoni ni kitu kimoja. Kwa kache ni wageni wasiojuana. Basi ikawa inahifadhi tu, haitumii tena ilichohifadhi. Tena lebo ya atomu iliyo nyuma huwa ndogo kuliko ya mbele, kwa hiyo hata kuzungusha molekuli bila kugusa gurudumu la kipanya kunazaa picha mpya kila fremu. Na kuifuta lebo upande wa Python hakutoshi: picha inabaki kwenye kadi ya michoro mpaka uite glDeleteTextures, amri ya OpenGL ya kuifuta.

Nilijaribu kwanza kukata desimali. Memori ilitulia, lakini lebo zikaanza kurukaruka: unavuta polepole, maandishi yametulia tuli, mara yanavimba. Inaudhi kuliko unavyodhani.

Nimehamia njia ambayo Chris Green wa Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, aliieleza mwaka 2007. Herufi inachorwa mara moja tu, na kila pikseli, badala ya rangi, inabeba umbali wake hadi ukingo wa herufi. Sheda, programu ndogo inayoendeshwa na kadi ya michoro, ndiyo inayoamua ukingo uwe wapi, kwa ukubwa wowote. Lebo zangu zinahitaji herufi kubwa 26 na tarakimu 10, jumla 36, zinazoenea barabara kwenye gridi ya 6 kwa 6. Kwa pikseli 64 kila chumba na baiti moja kwa pikseli, picha nzima ni kilobaiti 144. Hemoglobini sasa inazunguka na memori haisogei. Pembe za E na H zinakuwa butu kidogo ukizisogelea sana. Nimeamua kuishi nazo.

Kisha nikafungua DNA, 1BNA. Atomu zake zinaitwa O5' na C3', na gridi haina chumba cha kile kialama cha juu. Mafaili ya zamani yanaandika O5*, kwa hiyo na nyota nayo inataka nafasi. Gridi itakuwa 7 kwa 7.