Kufundishwa Uzeeni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimefundishwa kufunga kamba za viatu, katika umri huu wa kuitwa babu. Tulikuwa kwenye lango la Marangu, Mlima Kilimanjaro, akina baba wa usharika, tukijiandaa kupanda hadi kituo cha Mandara. Kijana wetu mmoja wa kwaya, ambaye kazi yake ni upagazi mlimani, akanitazama ninavyofunga buti, akasema, "Mzee, samahani, hilo fundo litakufungukia njiani."

Nilikasirika. Nafunga viatu tangu baba yake hajaoa!

Lakini akachuchumaa, akanionyesha. Ukimaliza kufunga, tazama vitanzi vyako vimelalaje. Kimoja kikielekea vidoleni na kingine kikielekea juu mguuni, fundo hilo ni bovu. Vikilala kukata mguu, kushoto na kulia, ni imara. Na dawa yake iko kwenye hatua ya kwanza tu: kama umezoea kuanza kwa kupitisha kamba ya kulia juu ya ile ya kushoto, anza na ya kushoto juu ya kulia. Yaliyobaki fanya kama siku zote.

Mjukuu wangu aliniambia baadaye kwamba mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza jambo hili. Waliona kwamba kupigapiga mguu chini peke yake, au kuurusharusha tu hewani ukiwa umekaa, hakufungui fundo. Linafunguliwa na mwendo, mambo hayo mawili yakienda pamoja. Mkristo wa kukaa benchini tu naye hajui fundo lake likoje. Lakini hayo tuyaache leo.

Kilichonikaa moyoni ni Apolo. Mnamjua, Matendo 18: msemaji, hodari katika Maandiko, moyo unawaka, ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Na waliomwelekeza ni akina nani? Prisila na Akila, mafundi wa kushona hema. Hawakumkatiza mbele ya watu kule sinagogi. Walimchukua kwao, wakamfafanulia njia ya Mungu vizuri zaidi. Naye akakubali! Mtu aliyesifika kwa kunena akakaa kimya akifundishwa na mafundi, mmoja wao mwanamke. Kisha akavuka kwenda Akaya, akawafaa sana waliokuwa wameamini. Jiulizeni Akaya wangepata nini kama Apolo angejibu, "Mnajua mimi ni nani?"

Wazee wenzangu, jibu hilo ni letu. Vijana wakiomba mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi, tunasema sisi ndio tulioanzisha usharika huu. Wakiomba ibada ianze saa iliyotangazwa, tunawaita wajuaji. Siku ya kipaimara tunawasomea kwamba mtu asiudharau ujana wao, kana kwamba neno hilo ni la vijana kulitimiza. Wenye kudharau ni nani, kama si sisi tunaolisoma? Miaka mingi ya kufanya jambo haithibitishi kwamba linafanywa sawa. Tubuni, ndugu zangu, nami nikiwemo.

Nawaambia pia, kubadilika si kwa siku moja. Mikono yangu bado inakimbilia njia ya zamani kila asubuhi. Nafungua, naanza upya, na Mama Mchungaji ananicheka. Mungu aliyemvumilia Nikodemo na maswali yake ya usiku atatuvumilia na sisi. Usiseme umri umekwenda. Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao, na muda mfupi baadaye, kule jangwani, mkwewe Yethro akamwambia waziwazi kwamba jinsi anavyoamua kesi za watu si vyema. Musa akasikiliza, akafanya yote aliyoambiwa.

Kikao cha wazee ni Alhamisi saa kumi. Nimewaalika vijana wawili na lile ombi lao la mapato na matumizi. Tukishaomba, wao ndio wataanza kusema.