Gia tano kwenye gari la kujiundia

Jamani hatimaye nimeitoa ile giaboksi ya gia nne kwenye gari nililojiundia hapa Uingereza, nimefunga giaboksi ya Ford Sierra inayoitwa Type 9, gia tano! Injini ni Crossflow, ile ya Ford ya zamani, kwahiyo nyumba ya klachi nayo ilibidi ibadilishwe, halafu Type 9 ni ndefu zaidi so mauntingi ya nyuma ikasogezwa na propela shafti (ile inayopeleka nguvu nyuma) ikafupishwa na kubalansiwa, hiyo msifanye kienyeji kabisa. Gia namba moja uwiano wake ni 3.65, yaani injini inazunguka mara 3.65 propela shafti ikizunguka mara moja, inaisha haraka mno, hilo silipendi. Lakini namba tano aisee, 0.82, pale injini ilipokuwa inalia rpm (mizunguko kwa dakika) 4,000 kwenye namba nne sasa ni 3,280 spidi ileile, na mnapiga stori bila kupayuka, raha sanaaa.